Mikono ya watoto wetu nayo iende masomo



Siku ya Posho, kisha kazi za nyumba, vijana wadogo wa Pweto wanakaa kando ya njia inayoshuka ziwani na kutengeneza motokari za nsinga. Mmoja anakunja nsinga, mwingine anakata sapato ya zamani ili apate magurudumu, wa tatu anaokota vifuniko vya chupa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Posho moja tulimwona binti wa miaka kumi hivi, bido la maji juu ya kichwa, amesimama kuwaangalia. Akawaambia: «Gurudumu lile halitazunguka. Tundu lake ni dogo, linabana nsinga.» Vijana wakamcheka. Kisha wakaijaribu motokari yao, na gurudumu likakataa kuzunguka. Binti alisema kweli. Lakini hakupata nafasi ya kulitengeneza yeye mwenyewe, kwa sababu maji yalingojewa nyumbani.

Makala hii tunaiandika juu ya binti yule, na juu ya wengine walio kama yeye katika nyumba zetu. Tunataka kuongea nanyi kuhusu watoto wanaojifunza sayansi kwa mikono yao: namna inavyofanyika katika nyumba za makumbusho za mahali pengine, na namna sisi wamama tunavyoweza kuifanya hapa Pweto bila kungoja mtu atujengee nyumba.

Tulichokiona Lubumbashi

Wakati tulipokuwa tunasomea ualimu Lubumbashi, tulienda siku moja kuona Makumbusho ya Taifa, ile nyumba ambayo watu wa mji wanaiita tu «musée». Tuliona vinyago, vikapu, vyungu. Lakini mahali tuliposimama sana ni mbele ya misalaba ya shaba. Wengi wenu mnaijua kwa picha: ni kipande cha shaba chenye mikono minne. Kwa karne nyingi ilikuwa mali ya watu wa inchi hii. Waliitumia katika biashara na katika mahari. Mwaka 1957 na 1958, wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya zamani kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, na ndani ya makaburi hayo walikuta misalaba kama hiyo. Wazungu walikuwa hawajafika bado wakati watu wale walipozikwa.

Shaba hiyo ilitengenezwa namna gani? Mwaka 1926 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za wafua shaba wa Katanga, wale walioitwa «walaji wa shaba» kwa sababu kazi hiyo iliwalisha. Waliokota mawe ya kijani, yaani malakiti. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, udongo ambao mchwa wameutengeneza na ambao unavumilia moto. Walitia makala ya mti mgumu, kisha wakapuliza hewa kwa mivukuto bila kupumzika. Shaba inayeyuka kwenye joto la digrii 1085. Makala peke yake, bila hewa ya kupulizwa, hayawezi kufika pale. Mama anayepepea mbabula yake kwa kifuniko cha sufuria ili bukari iive mbio anatumia akili ileile ya mvukuto. Hatukuwahi kufundishwa hivyo tulipokuwa katika kalasi.

Tuliporudi kufundisha, tuliwaambia watoto wa kalasi ya tano habari ya misalaba ile. Binti mmoja akainua mkono: «Mwalimu, kama shaba inatoka kwetu, kwa nini nsinga ya umeme tunainunua imetoka Chine?» Mama wapenzi, tunaona haya kuwaambia tulichojibu. Tulisema: «Andika kilicho kwenye ubao, usipoteze wakati.» Kalasi ilikuwa na watoto wengi kupita kiasi, mtihani ulikuwa karibu, na jibu hatukulijua. Yule binti hakuinua mkono tena mwaka mzima. Tangu siku ile tunajua kwamba mtoto anaweza kufungwa mdomo kwa neno moja, na kuufungua tena ni kazi ndefu.

Nyumba ambamo mtoto anaruhusiwa kugusa

Makumbusho mengi yana kibao kinachosema: usiguse. Ni haki, kwa sababu vitu vya wazee vikivunjika havipatikani tena. Lakini kuna makumbusho ya namna nyingine. Mwaka 1899, katika mji wa New York, walifungua makumbusho ya watoto ya Brooklyn, na watoto waliruhusiwa kushika vitu. Mwaka 1969, huko San Francisco, mtaalamu wa fizikia Frank Oppenheimer alifungua nyumba inayoitwa Exploratorium. Ndani yake mtoto anasukuma, anazungusha, anapuliza, anamwaga maji, anaangalia kitakachotokea.

Habari ya mtu huyu inatugusa sisi walimu. Kabla ya kufungua nyumba hiyo kubwa, alikuwa mwalimu katika masomo ya mji mdogo wa mashamba, Pagosa Springs, katika jimbo la Colorado. Vyombo vya kufundishia havikutosha, basi akawapeleka wanafunzi kwenye jaa la mji kutafuta vipande vya mashine zilizotupwa, ili wajifunze kwa vipande hivyo. Nyumba inayojulikana leo dunia nzima ilianza kwa mwalimu wa kijiji aliyekosa vyombo.

Karibu na sisi, katika mji wa Tanga kule Tanzania, kuna bustani ya sayansi ya watoto inayoitwa STEM Park, iliyoanzishwa pamoja na shirika la Projekt Inspire. Watoto wanaenda pale na kalasi zao, wanajaribu wenyewe. Kwetu Kongo, Makumbusho ya Taifa mapya ya Kinshasa yalifunguliwa mwaka 2019. Tunafurahi. Lakini ni mama gani wa Pweto atapeleka watoto wanne Kinshasa? Hata Lubumbashi, njia na mvua na bei ya gari tunazijua. Tukingoja nyumba itufikie, watoto watakuwa wazee. Kitu kinachoweza kutufikia upesi ni ile desturi ya kumwacha mtoto aguse, ajaribu, akosee, ajaribu tena.

Mtoto aliyechekwa

Kabla ya kuwaeleza kazi zenyewe, tuwakumbushe habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza barafu tamu ya maziwa: unachemsha maziwa na sukari, unangoja yapoe, ndipo unayatia ndani ya friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inaisha. Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake alitia ya kwake bila kuchemsha hata kidogo. Kisha saa moja na nusu hivi walifungua: maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Aliuliza kwa nini. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa. Kwenye masomo mengine aliyofuata, sekondari ya Mkwawa, aliuliza tena, wakafanya mchezo na jina lake: kila kosa la hesabu likawa «hesabu ya Mpemba». Siku moja mwalimu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikuja kuwatembelea. Mpemba akainua mkono mara nyingine na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi kwake, akajaribisha. Mwaka 1969 habari hiyo ilitolewa katika gazeti la walimu wa fizikia la Uingereza, na majina yao wawili yalikuwa juu yake. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni kwa nini inatokea, na ni wakati gani. Lakini wanabishana juu ya swali la mtoto aliyekuwa anatengeneza barafu tamu.

Tunauliza: ni akina Mpemba wangapi wamechekwa katika kalasi zetu, na kando ya mbabula zetu?

Kazi tatu za siku ya Posho

Hizi kazi tumezijaribu kwanza sisi wenyewe. Hazihitaji franka nyingi. Chagueni parsela moja yenye kivuli, kusanyeni watoto kumi au kumi na watano, wakubwa pamoja na wadogo, na wamama wawili au watatu wa kuangalia.

Ya kwanza ni mtumbwi wa udongo. Mpe kila mtoto bonge la udongo wa kufinyangia, ukubwa wa ngumi yake. Watie bonge ndani ya beseni la maji: linazama. Sasa uwaulize: «Udongo huuhuu, bila kuupunguza, tutafanya nini ili uelee?» Usiwajibu. Waache wafinyange. Kuna mtoto atakayefanya kitu kama sahani, kama bakuli, na kitaelea. Sababu yake: bakuli linasukuma maji mengi kuliko bonge, na maji yanayosukumwa yanasukuma nayo kwenda juu. Kisha watie vijiwe ndani ya mtumbwi, kimoja kimoja, wakihesabu kwa sauti. Kitakuja kijiwe kimoja kidogo ambacho kitauzamisha mtumbwi wote. Hapo nyamazeni kidogo. Sisi watu wa ziwa Moero tunajua maana yake. Tumelia watu waliopanda mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na kila mmoja alisema: «Ni mimi mmoja tu, hauwezi kuzama juu yangu.» Mtoto aliyehesabu vijiwe hivyo atakataa kupanda siku moja, au atamvuta mama yake mkono asipande.

Ya pili ni maji ya ziwa. Kata chupa ya plastiki kitako chake, igeuze, mdomo uwe chini. Funga mdomo kwa kitambaa safi. Tia makala yaliyopondwa, juu yake mchanga uliooshwa vizuri, juu yake changarawe. Mimina maji yenye matope pole pole. Yatatoka meupe zaidi kuliko yalivyoingia, na watoto watapiga makofi. Sasa ndipo somo lenyewe linaanza. Waulize: «Haya maji tunaweza kuyakunywa?» Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Mchanga umeshika matope, lakini vijidudu vya kolera ni vidogo sana, vinapita na macho hayavioni. Maji meupe si lazima yawe maji salama. Bado yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klore kwa kipimo chake. Kuna na njia ya jua: maji yasiyo na matope, ndani ya chupa nyeupe ya plastiki iliyofungwa, yalazwe juani saa sita nzima, siku za mawingu, siku mbili. Katika eneo letu kolera inarudi mara kwa mara. Tukiwafundisha watoto kuchuja peke yake tutawadanganya. Tuwafundishe mpaka mwisho.

Ya tatu inahusu shaba yetu. Tafuta ndimu nne au tano, misumari ya bati (ile inayong'aa, iliyopakwa zinki), vipande vya nsinga ya shaba vilivyovuliwa plastiki, na kitaa kidogo cha tochi iliyokufa, kile cha namna ya LED. Chekundu ndicho kinawaka upesi. Bonyeza ndimu kwa kiganja mpaka zilainike bila kupasuka. Kila ndimu ichome msumari upande mmoja na nsinga ya shaba upande mwingine, visigusane ndani. Unganisha shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ndimu ya pili, shaba ya pili na msumari wa tatu, hivyo mpaka mwisho. Ncha mbili zinazobaki ziguse miguu ya kitaa. Kisipowaka, geuza miguu, kwa sababu umeme unakipita upande mmoja tu. Wakati mwingine utakiweka ndani ya kiganja au gizani ili ukione, kwa kuwa mwanga wake ni hafifu.

Umeme unatoka wapi? Haumo ndani ya ndimu. Uchungu wa ndimu unakula zinki pole pole, na kazi hiyo inasukuma umeme kupita kwenye nsinga mpaka kwenye shaba. Ndimu moja inatoa karibu volti moja. Pile ya redio inatoa volti moja na nusu. Ndiyo maana ndimu moja haitoshi, lazima zishikane mikono. Mwishoni zitupeni, zisiliwe, kwa sababu madini yameingia ndani.

Mara ya kwanza tulipoijaribu, kitaa kilikataa. Tulihangaika, tukataka kuwaambia watoto warudi nyumbani. Kijana mmoja mdogo akasema: «Mwalimu, ndimu hii imekauka.» Tukaibadilisha, kikawaka. Basi mwalimu alijifunza mbele ya wanafunzi wake, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mambo ya kuangalia

Mtoto ashike mwenyewe. Mama akifanya kazi yote na mtoto akaangalia tu, amerudi kwenye kibao cha «usiguse».

Kabla ya kujaribu, muulize: «Unawaza nini kitatokea?» Kisha kujaribu, muulize: «Kwa nini?» Asipojua, na wewe usipojua, semeni wote: «Hatujui, tutatafuta.» Neno hilo halimpunguzii mama heshima.

Msifungue pile za redio wala betri za motokari. Ndani yake mna sumu na asidi inayounguza macho. Watoto wasitumwe kuokota mawe kwenye machimbo wala vyuma kwenye jaa. Kisu na mbabula vibaki mikononi mwa mtu mkubwa. Beseni la maji lisiachwe peke yake na mtoto mdogo. Na nsinga iliyokatwa ikusanywe yote kabla ya kuachana, juu ya miguu isiyo na sapato.

Kuna mama atakayeuliza: mambo haya yatamsaidia mtoto wangu kwenye mtihani? Tunamjibu kweli: mtihani bado unauliza mambo ya kukumbuka, na kitabu lazima kisomwe. Lakini mtoto aliyeushika mtumbwi wa udongo hatalisahau somo la vitu vinavyoelea. Tumekwisha kuona wale ambao kwenye ubao walikuwa wa mwisho wakawa wa kwanza mikono ilipoanza kazi. Siku ya kazi ya kwanza wanaingia kalasini wakiwa na uso mwingine.

Na binti?

Sasa turudi kwa yule wa bido. Mama wapenzi, tuangalie saa za watoto wetu. Kijana akimaliza masomo anapata mangaribi nzima ya kutengeneza motokari, kuivunja, kuitengeneza tena. Binti anateka maji, anaosha sahani, anabeba mdogo wake mgongoni, anatwanga sombe. Kisha tunasema vijana ndio wenye akili ya mashine. Akili hiyo wameipata kwa nafasi ya kucheza, na nafasi hiyo sisi ndio tunaigawanya.

Wengi mmesikia habari za maroboti makubwa yaliyowekwa kwenye njia panda za Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari, na baadaye hata Lubumbashi. Aliyeyaanzisha ni mwanamke Mkongomani, injinia Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na chama chake cha wanawake wa teknolojia. Watu wakubwa walisimama kwa amri ya kitu kilichotoka katika akili ya mama. Mwambieni binti yenu habari hiyo wakati anaosha sahani, halafu mpeni saa mbili za siku ya Posho asioshe. Kaka yake anazo mikono miwili, naye anaweza kuteka maji.

Tunaomba kila kundi la wamama lichague parsela moja na mama mmoja wa kutunza sanduku: chupa, nsinga, misumari, vitaa, udongo. Sanduku hilo ndilo makumbusho yetu. Na kitu kila mtoto atakachotengeneza kiwekwe juu ya mbao, na jina lake, wiki nzima, ili baba naye akione akipita.

Kuhusu swali la yule binti wa kalasi ya tano, tumelitafuta. Zamani watu wa Katanga walijua kuvuta nsinga. Katika enzi ya M'siri, kule Bunkeya, mafundi Wayeke walivuta shaba mpaka ikawa nyembamba, wakatengeneza bangili na mapambo. Kwa hiyo jibu letu ni hili: shaba ni yetu, na ufundi nao ulikuwa wetu, leo wanaotuuzia nsinga ni wale wenye viwanda na wenye kujifunza kila siku namna ya kuitengeneza. Jibu hilo halitoshi, tunajua. Tulienda mpaka kwao kumpa, tukaomba na msamaha mbele ya mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Na mashine ya kuvuta nsinga, ndani yake iko namna gani?»

Tulimwambia hatujui, tutatafuta naye. Posho hii anakuja.